Zizi la Upepo

Shangazi Herminda Cayupán hakuwahi kuolewa. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa akijibu kwamba alishaposwa zamani na hekta moja ya nyasi, na mahari imeshaliwa. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kufyonza chai yake ya majani ya yerba kwa mrija mpaka kibuyu kikakoroma kwamba maji yamekwisha, kisha akajaza tena.

Nataka kumwandika alivyokuwa, kwa sababu sasa hayuko vile. Hajafa. Yuko nyumba ya pili kutoka hii, na ninapoandika namsikia akimfokea mbwa. Lakini Herminda ninayemjua mimi alikuwa mtu wa kuinama. Ukimtafuta malishoni humwoni, kisha unaona koti la marehemu Babu limejikunja chini kama mzigo ulioanguka kutoka kwa farasi, na ukikaribia unakuta ni yeye, ameweka shavu karibu na ardhi, anaangalia kitu kirefu kama ukucha. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki tangu vilipobanwa na waya. Shule alikwenda miaka mitatu, sawa na mimi.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa walikuja watu wa kituo cha utafiti na lori la nguzo. Mkubwa wao aliitwa Ledesma, bwana mrefu aliyefunga miwani yake kwa uzi nyuma ya kichwa ili upepo usimnyang'anye. Alimwomba Babu hekta moja katikati ya malisho yetu aizungushie uzio, kondoo wasiingie.

"Na mle ndani mtaweka nini?" Babu akauliza.

"Hakuna, mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa. Tunataka kuona nyasi zitafanya nini zikiachwa."

Babu alicheka mpaka akajishika ubavu. "Basi mnajenga zizi la upepo," akasema. "Jengeni. Upepo tunao. Mkitaka hata masikio tutaukata alama."

Jina likakaa. Mpaka leo korongo zima la Bagual linasema zizi la upepo, na wengine hawajui kwamba ulikuwa mzaha.

Ledesma ndiye aliyemfundisha Herminda kazi. Unanyoosha kamba, unatembea pembeni yake, na kila hatua unaachia fimbo nyembamba ya chuma ianguke wima. Pale ncha inapogusa, unataja: nyasi tamu, nyasi chungu, kichaka, kokoto, mchanga. Mara mia ndani ya uzio, mara mia nje. Walikuja kila Januari kwa miaka kumi na miwili, na kila mara Herminda ndiye aliyeshika fimbo, kwa sababu vijana wa kituo walikuwa wanaona aibu kuinama na upepo ukiwavua mashati. Mwaka wa kumi na tatu hawakuja. Watu walisema kituo hakina mafuta ya gari. Herminda alikaanga mikate, akangoja, mikate ikaliwa na mbwa, na Februari akachukua kamba ya nguo akaenda peke yake. Akawa anakwenda kila mwaka. Aliandika nyuma ya kalenda za duka, na kalenda zile alizitundika juu ya kitanda mahali ambapo watu wengine huweka Bikira Maria.

Lazima niseme kitu kuhusu watu wa kwetu. Hapa hakuna anayeangalia nyasi. Tunaangalia kondoo. Mtu anapofika kwako anasema kondoo wako wamependeza, au wamekonda, au sufu yao ina vumbi. Akiangalia chini ni kwa sababu ameangusha kitu. Na majira ya kuchipua, tukiona neneo limejaa maua ya manjano mpaka kilimani, tunasema, mwaka huu kuna baraka, angalia kijani kile. Neneo ni kichaka cha miiba, mviringo kama mto wa kulalia. Hakuna anayelila. Shangazi alikuwa akimwambia Baba, "Anselmo, unafurahia kuona ukurutu unachanua."

Baba ni mdogo wake kwa miaka minne. Kondoo ni wa wote wawili, alama ya masikioni ni moja: mkato wa pembetatu upande wa kulia, na kipande kidogo chini upande wa kushoto.

Shangazi alichokiona kwa kuinama ni hiki, na alinieleza mara nyingi, hata nisipouliza. Kondoo ana mdomo mdogo na kumbukumbu kubwa. Haendi kula tu. Anakwenda kwenye shungi lile lile la nyasi tamu alilolila juzi, kwa sababu limetoa majani mapya na ni laini. Nyasi chungu iko pembeni, ndefu, hajaigusa. Anarudi kesho. Anarudi mwakani. Shungi halifi. Linapungua tu, mizizi inajivuta, na upepo unapata mahali pa kuingiza kidole. Udongo unaondoka chini yake mpaka shungi linabaki limesimama juu ya kigingi cha udongo, kama jino la mzee ambalo fizi imeshalikimbia. Kisha siku moja ya Oktoba linaanguka. Mahali pake panabaki kokoto, zimepangana vizuri kana kwamba kuna fundi aliyezipanga. Mbegu ikidondoka juu ya kokoto hizo, upepo unaichukua mpaka baharini. Babu alipoanza, majike mia walimpa wanakondoo themanini. Sisi mwaka jana tulipata thelathini na nane.

"Hii haikuletwa na ukame," Shangazi alikuwa akisema. "Ukame unakuja na kuondoka. Hii inakuja tu."

Na zizi la upepo? Miaka kumi ya kwanza halikuonyesha kitu. Ndani na nje ilikuwa ni ile ile. Watu walimsumbua sana. Jirani yetu Fidencio Huenelaf, ambaye ana mdomo usio na mlango, kila akipita juu ya punda wake alipiga kelele: "Bi Herminda! Upepo wako umeshazaa?"

"Una mimba, Fidencio. Tulia, utakuja kula mikia ya wanawe."

"Mimba ya miaka kumi! Hata punda anakuonea huruma."

"Punda kwa nini anionee huruma, na wewe ndiye umempanda?"

Mwaka wa kumi na nne aliona miche saba. Saba tu, katikati ya mashungi mawili ya zamani, kila mmoja mwembamba kama sindano. Aliiwekea mawe upande wa upepo. Mwaka wa ishirini na mbili nyasi tamu zilimfika magotini. Nilipozaliwa mimi zizi lilikuwa tayari linaonekana kutoka mbali, mraba wa rangi nyingine, kama kiraka kipya kwenye suruali iliyopauka. Si kila kitu kilirudi. Kulikuwa na njegere ya mwituni ambayo bibi yangu alikuwa akiisimulia, yenye ua la zambarau, kondoo walikuwa wakiipigania. Haikurudi hata moja. Shangazi alisema kisicho na mama hakirudi, hata ukiacha mlango wazi miaka mia.

Lakini nyasi tamu mama alikuwapo. Mwaka wa thelathini na moja, katika mara mia fimbo iligusa nyasi tamu mara arobaini na sita. Nje iligusa mara tatu.

Sasa ndipo alipopata wazo lililomharibu.

Uwanda wa chini, ule ulio kando ya kijito, ndio pekee wenye udongo uliobaki wa kushika mbegu. Kila majira ya baridi kondoo wetu wanaokolewa na uwanda ule, na kila mwaka unazidi kuwa kokoto. Herminda alitaka ufungwe miaka mitano, upandwe mbegu kutoka zizi la upepo, na kondoo wapunguzwe nusu. Baba alikataa miaka sita mfululizo. Waligombana mezani, wakagombana juu ya farasi, wakagombana kwenye mazishi ya binamu yao. Kisha ule mwaka mvua ilinyesha vizuri Agosti, kitu ambacho hatukuwa tumekiona kwa miaka minane, na nyasi za zizi zikatoa mashuke mengi hata Baba mwenyewe alisimamisha farasi.

"Sawa, dada," akasema. "Uniletee foronya nne za mbegu, zimejaa, siyo makapi. Ukinionyesha foronya nne, nafunga uwanda wa chini kuanzia Pasaka. Miaka mitano. Naapa kwa kaburi la Baba."

"Na majike?"

"Nauza nusu. Nitalia, lakini nitauza."

"Na nisipopata?"

"Usipopata, kondoo wanarudi chini kama kawaida, na wewe na mimi hatulizungumzi tena mpaka tufe. Nimechoka, Herminda. Nimechoka kulala na kalenda zako kichwani."

Wakapeana mikono kama wafanyabiashara wa sokoni. Shangazi alishona foronya nne kutoka kwenye shuka la harusi ya mama yangu. Mama aliona, akaacha.

Mbegu ya nyasi tamu haina subira. Ukiivuna mapema ni makapi. Ukichelewa siku tatu imekwenda na upepo. Shangazi alikuwa anaijaribu kila asubuhi kwa kidole gumba: ikikubali kuachana na shuke bila kuvutwa, ndiyo. Na kukomaa kwake kulikuja wiki ile ile ya kuweka alama, wakati majirani wote wanakuja, wanakondoo wanakatwa masikio na mikia, madume yanahasiwa, mikia inahesabiwa kujua waliozaliwa ni wangapi, kisha inachomwa kwenye makaa na kuliwa na vidole. Huwezi kuahirisha siku hiyo. Watu wametoka mbali.

Kabla sijaeleza lililotokea, lazima nieleze kuhusu malango.

Lango unaliacha ulivyolikuta. Umelikuta limefungwa, pita ufunge. Umelikuta wazi, pita uliache wazi. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza mtoto wa kwetu anayofundishwa, kabla ya kusalimu. Kwetu nyumbani ina uzito zaidi, kwa sababu Babu alipokuwa kijana alikuta lango la watu liko wazi karibu na mto, akalifunga, akajiona amefanya wema. Mwenye lango alikuwa amelifungua makusudi ili kondoo wake wafike majini. Walikufa majike sitini, wamebanana kwenye waya, wanasikia maji. Babu alifanya kazi kwa mtu yule miaka miwili bila ujira. Kwa hiyo watoto wake aliwafundisha kwa mkanda: aliyelifungua ana sababu yake. Usiwe na akili kuliko mwenye lango.

Siku ya alama, Jumanne, Shangazi aliamka kabla ya wote akaenda kwenye zizi. Lango lake lilikuwa la waya na vijiti, lile ambalo ukilifungua linalala chini, na kulifunga inahitaji mikono miwili na bega. Alijaribu mbegu. Zilikuwa bado siku mbili, labda tatu. Akiwa mle ndani akasikia Fidencio anapiga kelele huko chini kwamba ubavu wa zizi la kondoo umevunjika na majike yanatoka. Na kweli yalikuwa yanatoka, mia mbili na kumi pamoja na wana wao, na watu wa kuyazuia walikuwa watatu tu. Shangazi alirukia farasi.

Miaka thelathini na saba, na siku ile lango lilibaki limelala chini.

Tuliweka alama mchana wote. Shangazi ndiye aliyekata masikio, maana mkono wake ulikuwa mwepesi. Fidencio alikuwa anashika wanakondoo anamrushia.

"Polepole, Bi Herminda, hilo ni sikio langu!"

"Lako nitalikata baadaye, kwanza lisikie maneno ya maana."

Mikia ilikuwa tisini na tano. Watu walipiga makofi. Tisini na tano kwa majike mia mbili na kumi, na watu wanapiga makofi, kwa sababu mvua ya Agosti ilikuwa imefanya mwaka huu uwe mzuri. Shangazi alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko na alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka vile tena. Alimwambia Baba, "Ijumaa, kaka. Ijumaa unaanza kutafuta mnunuzi." Baba alimrushia mkia wa kondoo.

Alasiri Baba aliwatoa majike na wana wao kuwarudisha kwenye kijito. Walikuwa wamesimama zizini tangu alfajiri, hawajala. Mimi nilikuwa nyuma yake juu ya farasi yule yule. Njia inapita hatua mia mbili kutoka zizi la upepo. Baba alisimama, akaangalia. Lango lilikuwa limelala chini na nyasi ndani zinayumba, ndefu, na rangi ile ya mkate.

"Ameshavuna," Baba akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Ameshavuna na hakuniambia, anataka kunishangaza. Amefungua ili majike wapate kitu. Mwanamke huyu."

Alikuwa anatabasamu. Akatoa kofia kidogo, kama mtu anayepita mbele ya kanisa, akaendelea. Aliwaacha kondoo kwenye kijito. Mimi pia nililiona lango. Nilikuwa nimemsikia Shangazi akisema Ijumaa. Sikusema, kwa sababu lango unaliacha ulivyolikuta, na mimi nilidhani watu wazima wawili wana mpango nisioujua.

Asubuhi Shangazi alikuta mlango wa zizi lake umejaa vinyesi. Kondoo wengine walikuwa bado ndani, wamelala, wameshiba, wanacheua. Kwa mara ya kwanza tangu Babu, walikuwa wameshiba.

Baba alikuja mbio na farasi bila tandiko. Alipofika alisimama nje ya waya, hakuthubutu kuingia.

"Nani alipita hapa jana?" Shangazi akauliza.

"Mimi."

"Uliliona lango?"

"Nililiona."

"Lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi, dada. Nikajua umeshavuna. Nikasema, Herminda kafungua, Herminda ana sababu yake."

Upepo ulikuwa unapiga koti kubwa la Shangazi.

"Sababu yangu ilikuwa kusahau," akasema.

"Ungeniambia..."

"Ningekuambia nini? Nimelisahau! Mtu aliyesahau anamwambia nani?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ulifanya sawasawa, Anselmo. Hata mimi ningeliacha."

Nadhani hilo ndilo lililomuua Baba zaidi. Kama angemtukana, Baba angekuwa na la kujibu. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa ajili ya tusi, akabaki nao wazi.

Hawakuwa wameng'oa mashungi. Watu wengine walisema, si yatachipua, Bi Herminda, mizizi ipo. Kweli mizizi ilikuwapo. Lakini mashuke yote yalikuwa yameliwa, hata yale yaliyolala chini yalikuwa yamekanyagwa ndani ya kinyesi. Alitambaa pembeni mwa waya siku nzima, akiingiza mkono mahali ambapo pua ya kondoo haikufika. Jioni alikuwa na mbegu zilizojaa kikombe cha kahawa. Baba alimwambia asubiri mwakani, mvua itanyesha tena Agosti.

"Ahadi yetu ilikuwa mwakani?"

Ninajua Baba alichofikiri, kwa sababu mimi pia nilikuwa nahesabu: mvua ile ilikuwa imekuja baada ya miaka minane, na uwanda wa chini hauna miaka minane.

Wiki moja kabla ya Pasaka Baba alimfuata Shangazi jikoni kwake, kofia mkononi. Nilikuwa nakanda unga.

"Dada. Lazima niulize, kwa sababu niliapa kwa kaburi."

"Uliza."

"Una foronya ngapi?"

"Unajua, Anselmo."

"Lazima uniambie kwa mdomo wako."

"Sina hata moja."

Baba akasema, "Naweza kuvunja neno. Naweza kuufunga tu, bila mbegu."

"Ukiufunga bila mbegu tutaona nini? Kokoto zikipumzika?" Akaweka sufuria juu ya jiko. "Nilikuwa na miaka hamsini nilipoanza kukuomba, sasa nina hamsini na sita, na ile hekta ilihitaji kumi na minne kutoa miche saba. Na yenyewe ilikuwa na mama zake. Wapeleke kondoo chini. Wakibaki huku juu wataanguka theluji ikija."

Baba aliwapeleka adhuhuri, mbele ya watu, kama alivyoahidi. Sijamwona akienda polepole vile.

Ile mbegu ya kikombe Shangazi aliipanda kwenye uwanda wa chini, chini ya vichaka vya miiba, ambako kondoo hawawezi kuingiza mdomo. Alipanda kila moja kwa kidole. Mvua haikuja. Theluji ilikuja Julai, siku kumi na moja, na kondoo walichimba theluji kwa kwato na kula kila kilichokuwa chini yake, miiba pia. Walikufa sitini na tatu. Tulipowafungua matumbo tulikuta mchanga.

Wakati wa theluji ile Baba alimwendea Shangazi kuuliza kitu ambacho nadhani hakukitaka. Alisema majike wenye mimba hawatapita wiki, na kwenye zizi la upepo kuna majani mafupi yaliyochipua baada ya kuliwa. Alisema mara moja tu, dada, siku tatu.

Alitaka akatazwe. Ningeweza kuapa.

Shangazi alivaa koti, akaenda nasi mpaka kule. Hakufungua lango. Alichukua koleo akakata waya zake, akaliburuta mpaka pembeni, akalitupa juu ya theluji. "Waingie," akasema. "Siku tatu, siku mia. Kitu kikisharudiwa mara ya pili kimeshajulikana njia."

Na ikawa hivyo, maana kondoo ana mdomo mdogo na kumbukumbu kubwa. Walikwenda pale kila siku mpaka Oktoba, hata theluji ilipokwisha, hata kulipokuwa hakuna. Wakapita malisho mengine yote kwenda pale. Mashungi yakainuka juu ya vigingi vyao vya udongo. Mimi niliyaona yakianza kuanguka. Kazi ya miaka thelathini na saba ilichukua miezi minne kuondoka, na udongo wake ulipita mbele ya dirisha letu, mwekundu kidogo kuliko vumbi la kawaida.

Januari hakwenda na kamba. Tulingoja. Baba alimwambia, "Herminda, kalenda mpya imekuja kutoka dukani, ina mgongo mweupe." Shangazi akasema aipe mtu anayeishi kwa tarehe.

Mwezi wa tatu lilikuja gari. Alishuka msichana mmoja aliyeitwa Rocío, mpole, ana karatasi nyingi kwenye mfuko wa plastiki. Kituo kilikuwa kimepata pesa za kurudia vipimo vya zamani. Alikuwa na nambari zote za Ledesma, za miaka ile kumi na miwili, na alitaka kuona hekta baada ya muda mrefu. Alifurahi sana kumwona Shangazi. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi: msaidizi, H. Cayupán.

Walikwenda. Mimi na Baba tulifuata. Rocío alitoka ndani ya waya akaenda nje, akarudi ndani, akatoka tena. Akaangalia ramani yake. Akauliza kama ni hapa kweli.

"Ni hapa."

"Lakini hakuna tofauti," akasema. "Ndani na nje ni sawa. Haikuwahi kupona?"

"Ilipona."

"Lini?"

Shangazi akamweleza. Alimweleza yote, bila kupaza sauti, miche saba, magoti, arobaini na sita. Alimpa hata zile kalenda. Alikuwa amezileta ndani ya koti. Rocío alizifungua moja moja juu ya boneti ya gari huku akizikandamiza na viwiko ili zisiruke, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu yeye alikuwa anajua kusoma kile alichokishika. Ni mtu wa kwanza niliyemwona akizisoma. Akafuta macho. Ungeweza kusema ni upepo.

"Bi Herminda, hakuna mtu ana kitu kama hiki," akasema. "Hakuna mtu popote."

"Hata mimi sina," Shangazi akajibu.

Kisha msichana akatoa karatasi yenye visanduku na akaeleza kwa aibu kwamba lazima aandike sababu ya kipimo kuharibika. Kulikuwa na orodha: ukame, moto, wizi wa waya, uzembe wa mwenye ardhi.

Baba alisogea. "Andika uzembe," akasema. "Andika jina langu."

"Nyamaza, Anselmo." Shangazi alikuwa anaangalia chini, lakini si ile namna yake ya zamani. Alikuwa anaangalia viatu vyake tu. "Andika adabu, mwanangu."

"Adabu?"

"Adabu njema."

Rocío alingoja aelezwe. Hakuna aliyemweleza. Akageuza kalamu mara mbili tatu, akaweka alama kwenye ukame.

Aliomba aende na kalenda. Shangazi akasema azichukue zote, na msumari pia kama anautaka. Kabla Rocío hajaondoka tulimwuliza kama tunaweza kuzitumia zile nguzo za uzio, maana ni mali ya kituo. Akasema atauliza atuletee jibu. Hakuna jibu lililokuja, na Juni baridi ilipoingia tulizing'oa, Baba na Fidencio na mimi. Fidencio hakusema mzaha wowote siku hiyo. Zilikuwa nguzo themanini na nne, ngumu na kavu, na kila moja ilitosha kupika maharage.